Homa imeshuka, moyo bado: jinsi Korona inavyovimbisha misuli ya moyo

Mpwa wangu ni hamali pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Hushusha marobota ya mitumba kutoka kwenye lori na kuyabeba mgongoni hadi vibandani, robota moja kilo 45, tangu alfajiri hadi jua linapotua. Julai 2021, wimbi la Delta lilipokuwa limepamba moto Nairobi, alishikwa na homa na kikohozi, kisha chakula kikakosa harufu. Alipimwa, ikawa ni Korona, akajifungia chumbani kwake Umoja. Siku ya kumi homa ilikuwa imekwisha. Siku ya kumi na mbili alikuwa Gikomba tena, maana kodi ya mwezi ilikuwa bado haijalipwa.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu usiku. "Mjomba, nimepanda ngazi za kwangu nikakaa chini mara mbili. Moyo unapiga kama unataka kutoka." Anakaa ghorofa ya nne, ngazi ambazo alikuwa akizikwea mbio na mtungi wa gesi begani. Nikamwambia kile ambacho wengi wetu tungemwambia: jikaze, hayo ni mabaki ya ugonjwa. Kesho yake alipita duka la dawa akapewa vidonge vya asidi kwa sababu kifua kilikuwa kinauma. Siku ya tatu alianguka katikati ya vibanda na kuzirai.

Hospitalini walimpima umeme wa moyo, wakamtoa damu, wakamfanyia eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Daktari alituambia kwamba misuli ya moyo wake imevimba, ugonjwa uitwao mayokaditisi, na kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni ile Korona tuliyodhani imepita. Alikuwa na miaka 24. Niliuliza swali ambalo nimelisikia likiulizwa na watu wengi tangu hapo: ugonjwa wa mapafu ulifikaje kwenye moyo? Jibu lake si fupi, na matoleo mafupi yanayozunguka mitaani yamewapoteza watu wengi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Tuanze na moyo wenyewe. Ukubwa wake unakaribia ngumi ya mwenyewe. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku na kusukuma kama lita 5 za damu kila dakika mtu akiwa ametulia. Una utando mwembamba ndani, utando mwingine nje kama mfuko, na katikati kuna nyama nene inayokaza na kulegea. Nyama hiyo ndiyo misuli ya moyo, na ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kusukuma. Ya pili ni kupitisha umeme, kwa sababu kila pigo huanza na cheche ndogo inayosafiri kutoka seli hadi seli kwa mpangilio, ili sehemu zote zikaze kwa zamu yake. Ukielewa kazi hizi mbili utaelewa kwa nini dalili za ugonjwa huu nazo ni za namna mbili: uchovu, pumzi kukatika na miguu kuvimba, kwa upande wa kusukuma; mapigo kwenda mrama na kuzirai, kwa upande wa umeme.

Kuvimba nako kunafahamika na kila mtu aliyewahi kuchomwa na mwiba. Kidole huwa chekundu, kikapata joto, kikajaa, kikauma. Mwiba peke yake haufanyi yote hayo. Ni mwili unaofungua mishipa midogo, kuleta maji na kujaza askari wake mahali palipovamiwa. Kwenye kidole tunavumilia siku tatu yakapita. Moyo hauna siku tatu za kupumzika. Maji yakijaa katikati ya seli, nyama inakuwa nzito na ngumu na pigo linapungua nguvu. Askari wa kinga wakijazana njiani, umeme unakosa njia yake ya kawaida na kuanza kuzunguka mahali pasipostahili. Isitoshe, seli za moyo zikifa hazioti upya kwa kasi ya ngozi. Kwa kijana wa miaka 25, ni kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo zinazobadilishwa kwa mwaka, na kasi hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga. Palipokufa huachwa kovu.

Ugonjwa huu haukuletwa na Korona. Madaktari wameujua kwa miaka mingi, na mara nyingi husababishwa na virusi vya kawaida ambavyo kwa watu wengi huleta mafua au kuhara tu: kundi la Coxsackie B, adenovirusi, pavovirusi B19. Dondakoo nayo ilijulikana zamani kwa kuua watoto kupitia moyo. Kilichobadilika mwaka 2020 ni idadi. Virusi vipya vilipowapitia mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, jambo lililokuwa nadra likaanza kuonekana kila mahali.

Hapa kwetu inabidi tutenganishe mambo ambayo huchanganywa. Kuna ugonjwa wa moyo unaotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, yale ya bakteria aitwaye streptokoka, ambao huwaharibu watoto wetu vali za moyo. Huo ni mwingine. Kuna kifua kikuu, ambacho katika Afrika kusini mwa Sahara ndicho kisababishi kikuu cha kuvimba kwa ule mfuko wa nje wa moyo na kujaa maji. Huo nao ni mwingine. Kuna presha iliyokaa muda mrefu bila dawa, inayounenepesha moyo hadi uchoke. Mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, na ndiyo maana mganga asiyeuliza historia ya mgonjwa anaweza kupotea njia.

Sasa Korona. Maelezo niliyoyasikia sana ni kwamba virusi vinaingia moyoni na kuula. Kuna ukweli kidogo humo, lakini mkasa mwenyewe ni mpana zaidi.

Virusi vya Korona huingia kwenye seli kupitia kipokezi kinachoitwa ACE2, protini iliyokaa juu ya seli kama kitasa cha mlango. Kitasa hiki kipo kwenye njia za hewa, na kipo pia kwenye utumbo, figo, mishipa ya damu na moyo. Kwa hiyo mlango upo. Tena ACE2 ni zaidi ya mlango, ni mfanyakazi. Kazi yake ni kuivunja kemikali iitwayo angiotensini II, ambayo ikizidi hubana mishipa na kuchochea uvimbe. Virusi vikishika kitasa na kuingia nacho ndani, mfanyakazi huyo anapungua na kemikali aliyokuwa akiidhibiti inabaki bila wa kuizuia.

(Nitoke nje ya mada kidogo. Mapema mwaka 2020 watu wengi wenye presha waliogopa dawa kama enalapril na losartan kwa sababu zinagusa mfumo huu huu, na wapo walioziacha. Utafiti uliofanywa Brazil kwa wagonjwa 659 wa Korona waliokuwa wakitumia dawa hizo uliwagawa wengine waendelee na wengine wasimamishe. Walioendelea hawakudhurika kuliko walioacha. Usiache dawa ya presha kwa uvumi.)

Basi, mlango ukiwepo, je, virusi huingia moyoni kweli? Wakati mwingine ndiyo. Wataalamu waliochunguza maiti wamekuta chembe za virusi katika mioyo ya baadhi ya waliofariki. Lakini kukuta virusi si kukuta mayokaditisi. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Marekani walikusanya ripoti za uchunguzi wa mioyo 277 ya watu waliokufa kwa Korona. Ripoti hizo zilitaja mayokaditisi katika mioyo 20. Walipoyapitia maelezo hayo kwa makini, waliona kwamba kwa vigezo vikali idadi halisi huenda iko chini ya asilimia 2. Mioyo mingi zaidi ilikuwa na majeraha ya aina nyingine: seli moja moja zilizokufa, mabonge madogo ya damu, uvimbe wa hapa na pale.

Hii ina maana kwamba Korona huuumiza moyo kwa njia kadhaa, na mayokaditisi ni mojawapo tu. Mapafu yakijaa, oksijeni hupungua kwenye damu huku homa ikiulazimisha moyo kwenda mbio. Mashine inafanya kazi maradufu kwa mafuta nusu. Ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu ikishambuliwa, damu huganda mahali isipotakiwa kuganda na vijisehemu vya moyo hukosa chakula. Hofu na maumivu humwaga adrenalini kwa wingi, na wapo ambao moyo wao hulegea ghafla kwa sababu hiyo tu, bila mshipa ulioziba. Wajapani waliipa hali hiyo jina la chungu cha kunasia pweza, takotsubo, kwa kuwa moyo huvimba chini na kubana shingoni kama chungu hicho.

Lakini mayokaditisi yenyewe, ile iliyompata mpwa wangu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga ya mwili. Hapa ndipo nilipohitaji muda kuelewa, na mfano ulionisaidia niliupata Gikomba kwenyewe. Soko lile limeungua mara nyingi. Ukimuuliza mwenye kibanda hasara yake, atakuambia kuna nguo zilizoliwa na moto na kuna nguo ambazo moto haukuzifikia kabisa ila maji ya kuzimia yaliziozesha. Wote wawili, moto na maji, wamo kwenye hesabu ya hasara.

Virusi vikiingia mwilini, walinzi wa kwanza hupiga kelele kwa kumwaga kemikali ziitwazo saitokini. Mojawapo, interlukini-6, ilitajwa sana kwa wagonjwa mahututi. Kemikali hizi husafiri na damu yote, hazibaki kwenye mapafu pekee. Zikifika moyoni kwa wingi, zenyewe hupunguza nguvu ya seli kukaza na kuifanya mishipa midogo ivuje maji. Wiki moja au mbili baadaye hufika kikosi cha pili, seli T, zilizofunzwa kumtambua adui mmoja tu. Seli ya moyo iliyobeba vipande vya virusi huuawa. Ile ya jirani, isiyo na virusi, nayo huumia kwa ukaribu. Kisha kuna jambo la tatu ambalo wanasayansi wanalishuku na wameliona kwenye mayokaditisi ya virusi vingine: seli zilizokufa humwaga vitu vyake vya ndani, kama protini ya mayosini, vitu ambavyo kinga haijazoea kuviona vikitembea huru. Ikiviona, huweza kuviandika kwenye orodha ya maadui. Hapo mashambulizi yanaweza kuendelea hata baada ya virusi kwisha.

Ndiyo sababu ya ile kalenda iliyotuchanganya. Homa ilishuka siku ya kumi kwa sababu virusi vilikuwa vinashindwa. Moyo ulianza kulalamika baadaye kwa sababu kikosi cha pili ndipo kilipofika. Kwa baadhi ya watu moyo huumia ugonjwa ukiwa bado mkali, kwa wengine ni wiki kadhaa baada ya kupimwa na kuonekana hawana tena virusi. Kwa watoto wachache sana hali inayofanana na hii hutokea wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hata kama mtoto hakuonyesha dalili za Korona: homa isiyoshuka, tumbo kuuma, macho mekundu, vipele, na moyo uliolegea. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Vipimo navyo vina hadithi yake. Damu ya mpwa wangu ilipimwa troponini. Hii ni protini inayokaa ndani ya seli za misuli ya moyo ikisaidia kukaza. Kwa kawaida huwa kidogo mno kwenye damu. Ikiwa nyingi, seli zimepasuka au zinavuja. Watu wengi huambiwa troponini iko juu na wakaenda nyumbani wakisema wana mayokaditisi. Kipimo hiki kinakuambia moyo umeumia. Hakikuambii umeumizwa na nini. Mshipa ulioziba hupandisha troponini, figo zilizochoka huipandisha, na nimonia kali huipandisha.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ni cha bei nafuu na hupatikana hata kwenye vituo vingi vya kawaida jijini, lakini mistari yake kwenye mayokaditisi huweza kufanana kabisa na ya mshtuko wa moyo, na wakati mwingine huwa ya kawaida. Eko huonyesha moyo ukitembea. Daktari alituzungushia skrini tukaona: upande wa kushoto ulikuwa ukijikunja kivivu, kama mtu anayefunga ngumi akiwa usingizini. Kwa kila pigo moyo wenye afya hutoa kati ya asilimia 55 na 70 ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikuu. Wa mpwa wangu ulikuwa unatoa 42.

Kinachokaribia kutoa uhakika bila kukata nyama ni MRI ya moyo. Mgonjwa huchomwa dawa ya gadolini, kisha sehemu zenye maji au kovu hung'aa kwenye picha. Mayokaditisi ina mchoro wake: mara nyingi hung'aa upande wa nje au katikati ya nyama, ilhali mshipa ulioziba huanza kuharibu upande wa ndani. Mashine zinazofanya picha hii ya moyo zimo katika hospitali chache Nairobi na nje ya jiji ni nadra zaidi, na gharama yake huwafukuza wengi. Njia ya mwisho ni kuingiza waya mwembamba kupitia mshipa na kuchuna kipande kidogo cha nyama ya moyo kikaangaliwe kwa darubini. Hiyo huachiwa wagonjwa walio hatarini sana.

MRI ndiyo iliyozua taharuki ya mwaka 2020. Julai mwaka huo watafiti wa Frankfurt walitangaza kwamba kati ya watu 100 waliopona Korona, 78 walikuwa na kitu kisicho cha kawaida kwenye moyo na 60 walionekana kuwa na uvimbe unaoendelea. Habari ilizunguka dunia. Wataalamu wenzao wakaonyesha kasoro katika hesabu, baadhi ya takwimu zikasahihishwa, ingawa watafiti walisimama na hitimisho lao. Mwaka uliofuata vyuo vikuu 13 vya Marekani viliwapima wanamichezo 1,597 waliokuwa wameugua Korona. Waliokutwa na mayokaditisi walikuwa 37, asilimia 2.3, na kati yao ni 9 tu waliokuwa na dalili. Ukitafuta kwa darubini kali utakuta mengi. Yanayomwangusha mtu ni machache.

Hesabu ninayoiamini zaidi kwa mtu wa kawaida ni ile ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, iliyotumia rekodi za hospitali zaidi ya 900 kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021. Kwa kila wagonjwa 100,000 wenye Korona, kama 150 walikuwa na mayokaditisi. Kwa kila wagonjwa 100,000 wasio na Korona, walikuwa 9. Hatari ilizidi takriban mara 16. Soma namba zote mbili pamoja. Anayekuambia "mara 16" peke yake anakutisha. Anayekuambia "150 kwa laki" peke yake anakufanya ulale. Ukweli ni kwamba ni jambo nadra, lakini kwa ugonjwa ulioingia karibu kila nyumba, nadra hiyo ni watu wengi.

Na chanjo? Siwezi kulikwepa swali hili, kwa sababu mtaani kwetu ndilo lililofunika yote. Chanjo za teknolojia ya mRNA, yaani Pfizer na Moderna, ziliwaletea watu wachache mayokaditisi, hasa wavulana na wanaume kati ya miaka 12 na 29, na hasa ndani ya siku chache baada ya dozi ya pili. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Dozi za kwanza kufika Kenya, zile zaidi ya milioni moja zilizotua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, zilikuwa za AstraZeneca, ambayo haitumii teknolojia hiyo. Watafiti wa Uingereza walipofuatilia zaidi ya watu milioni 38 waliochanjwa, waliona visa vya ziada vya mayokaditisi kati ya 1 na 10 kwa kila milioni kutegemea aina ya chanjo na dozi, na visa 40 vya ziada kwa kila milioni ya walioambukizwa Korona. Kulikuwa na kundi moja ambalo mizani yake haikuwa hivyo: walio chini ya miaka 40 waliopata dozi ya pili ya Moderna, ambao visa vyao vilizidi vya maambukizi. Baadhi ya nchi za Ulaya zikaacha kuwapa vijana chanjo hiyo. Hivyo ndivyo usalama wa dawa unavyofuatiliwa, na ningependa watu wauone ukifanyika badala ya kuusikia kwa minong'ono. Mpwa wangu, kwa taarifa ya waliomsema, hakuwa amechanjwa chanjo yoyote alipougua.

Ninarudi kwenye neno langu la ile simu ya usiku. Jikaze. Tunalitumia kwa mapenzi, na mambo mengi hapa mjini huenda kwa kujikaza. Kwa misuli ya moyo iliyovimba ni ushauri wa hatari kuliko wote. Mwaka 1970 watafiti nchini Marekani waliwaambukiza panya virusi vya Coxsackie B3, kisha wakawagawa. Wengine waliachwa wapumzike. Wengine waliogeleshwa kwenye bwawa la maji ya vuguvugu. Waliogeleshwa walikuwa na virusi vingi zaidi moyoni, mioyo yao iliharibika zaidi na wengi zaidi wakafa. Panya si watu, lakini madaktari wa michezo wameona jambo lile lile kwa njia ya uchungu zaidi: mayokaditisi ni mojawapo ya sababu za vijana wenye afya kuanguka ghafla uwanjani. Moyo uliovimba ukisukumwa mbio, umeme wake unaweza kuvurugika kwa sekunde chache tu, na mtu akafa kabla ya kufikiwa.

Ndiyo maana mwongozo uliotumika kwa miaka mingi ni kutofanya mazoezi makali kwa miezi 3 hadi 6, na kutorudi mpaka troponini iwe imeshuka, eko iwe imerejea kawaida, na kipimo cha umeme cha saa 24 kisionyeshe mapigo mabaya. Kwa mkimbiaji wa msitu wa Karura hayo ni maumivu ya kujinyima. Kwa hamali, mjenzi, mama anayebeba mitungi ya maji kupanda ngazi au kijana wa mkokoteni, mazoezi makali ndiyo mshahara. Daktari akimwandikia miezi sita ya kupumzika, amemwandikia miezi sita ya njaa. Sijaona karatasi ya hospitali inayouliza mgonjwa anafanya kazi gani kwa mikono yake, na nadhani lingepaswa kuwa swali la kwanza baada ya jina.

Dawa zipo, ingawa hazilengi virusi. Enalapril humpunguzia moyo mzigo wa kusukuma. Kavediloli hupunguza kasi ya mapigo na kuyatuliza. Furosemidi hutoa maji yaliyojaa mapafuni na miguuni. Wale wanaozidiwa vibaya hupewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na husaidiwa na mashine. Dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni zisinywewe kiholela kwa kifua cha namna hii. Majaribio ya wanyama yameonyesha zinaweza kuzidisha madhara, na figo huumia kwa urahisi moyo ukiwa dhaifu. Wengi hupona, baadhi wakiwa na kovu dogo lisilowasumbua. Wachache moyo wao hutanuka na kubaki dhaifu, na hao huhitaji dawa kwa maisha.

Si kila moyo unaoenda mbio baada ya Korona umevimba. Watu wengi huona mapigo yakipanda wakisimama tu, wiki hata miezi baada ya kupona, na vipimo vyao vyote vikiwa vizuri. Hapo ni mishipa ya fahamu inayoongoza mapigo iliyovurugika, si nyama ya moyo. Inasumbua, lakini haiui. Usijitabirie mwenyewe. Kilichopaswa kunishtua usiku ule ni mambo matatu pamoja: kifua kuuma, pumzi kukata kwa kazi ambayo jana ilikuwa nyepesi, na mapigo yanayoruka, yote ndani ya wiki chache baada ya homa. Kuzirai lilikuwa la nne, na mtu akizirai kwa hali hiyo haulizwi kama amekula. Anapelekwa kupimwa ECG na troponini, na vidonge vya asidi vinasubiri.

Mpwa wangu alilazwa siku nane. Alipotoka hakuwa na akiba yoyote. Kilichomwokoa ni mama mmoja mwenye kibanda cha nguo za watoto aliyemwambia, "Mwanangu, keti hapa unichambulie hizi," akamlipa kwa siku kutenganisha kamera na fagia, yaani nguo nzuri na zile za bei ya chini, na kuzitundika. Alikaa kwenye kigoda kile kuanzia Septemba, akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, wenzake wakimpita na marobota mgongoni. Wapo waliomwita mvivu. Februari 2022 eko ilisoma 58 na kile kipimo cha saa 24 kikawa safi. Daktari akamruhusu, kidogo kidogo. Alianza na mafurushi ya nguo zilizofunguliwa, kilo kumi kumi, kutoka barabarani hadi kibandani kwa yule mama. Robota zima alilibeba Aprili, mimi nikiwa nimesimama kando ya lori nikihesabu pumzi zake hadi alipolitua.